Heshima Haipandi Mlima

Heshima, kwa mtu aliyelelewa katika miji ya pwani, ni jambo lenye kuhitaji vifaa: kanzu iliyopigwa pasi, kofia iliyokaa sawasawa kichwani, mwendo wa taratibu usiotoa jasho, na juu ya hayo yote, ardhi kavu iliyo bapa, ambayo mtu akiukanyagisha mguu mahali alipokusudia, mguu hubaki papo hapo. Vitatu vya mwanzo mtu aweza kuvifungasha na kusafiri navyo. Cha nne hakifungashiki, na kwa kuwa wengi wa watu wa kwetu hawajapata kuishi mahali kisikopatikana, hawajui kwamba vile vitatu vyote husimama juu yake. Jambo hili mimi sikulipata vitabuni. Nililithibitisha kwa magoti, kwa viwiko na kwa viungo vingine ambavyo murua haumruhusu mwandishi kuvitaja, katika safari tuliyoifanya mimi na shemeji yangu ya kuukwea mlima wa Rwenzori, ulioko mpakani baina ya Uganda na Kongo, kupitia msitu wake wa kale hadi kwenye pengo lenye theluji liitwalo Scott-Elliot, ambalo liko mita 4,372 juu ya usawa wa bahari. Nayo bahari, kwa sisi watu wa Tanga, ndiyo jirani wa maisha, na tangu kuzaliwa kwetu hatukuwa tumewahi kuachana nayo kwa kimo cha namna hiyo.

Shemeji yangu ni karani mstaafu wa mahakama, mtu wa kimo cha wastani na kitambi cha staha, mwenye sauti iliyozoea kuwaamuru watu wasimame, na asiyekubali neno lolote mpaka lije na shahidi wake. Yeye ndiye asili ya safari. Alikuwa amesoma kwamba Batlamiyus, mwanachuoni wa Iskandaria wa karne ya pili, aliandika kuwa maji ya Nili hutoka katika theluji za Milima ya Mwezi; kwamba Sharif al-Idrisi, katika ramani aliyomtengenezea Mfalme Roger wa Sicily mwaka 1154, aliionyesha hiyo Jabal al-Qamar na mito ikiteremka kutoka kwake; na kwamba wengi katika zama zetu huamini kuwa mlima uliokusudiwa ni Rwenzori. Walakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa Batlamiyus wala al-Idrisi, bali kisa cha mwaka 1888, wakati msafiri Stanley, akiwa karibu na Ziwa Albert, alipoonyeshwa na mtoto mmoja mlima uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi, naye akautazama, akatafakari, akakata shauri kwamba ile ni theluji.

“Mtoto kasema chumvi, Mzungu kasema theluji,” alinena shemeji siku hiyo barazani, akiwa ameshika kikombe cha kahawa juujuu. “Mashahidi ni wawili na kauli ni mbili. Je, nani kati yao aliyeonja?”

Hakuna aliyejibu, maana saa hiyo kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imeiva. Fauka ya hayo alikuwa na dai la pili: msafara ule wa Stanley ulikuwa na mamia ya watu walioandikwa Unguja, na mwezi wa Juni 1889 baadhi yao walimfuata Luteni Stairs kuukwea mlima, wakafika kimo cha mita zaidi ya 3,200, kisha wakageuka na kurudi, theluji ingali mbali juu ya vichwa vyao. Shemeji aliyahesabu mambo haya kuwa ni mashauri mawili yaliyoahirishwa kwa zaidi ya karne moja, na kwa mtu aliyetumia umri wake wote katika masijala, hakuna maudhi makubwa kuliko jalada lisilofungwa. Alihitaji mtu wa kufuatana naye atakayekuwa shahidi. Mimi nimemwoa dada yake, na katika mila zetu hilo ni jibu tosha kwa swali la kwa nini nilikubali.

Tulijitayarisha kwa uangalifu mwingi. Mimi nilinunua katika duka moja la mjini viatu vya ngozi vyenye soli nene, vilivyoandikwa kwa hati ya dhahabu kuwa havipenyi maji. Nami sina ugomvi na maandishi hayo, kwani baadaye ilidhihirika kwamba maji yakishaingia humo, hayapenyi kutoka. Shemeji naye alinunua vya namna hiyo hiyo, kisha akaongeza mwavuli mweusi wa mpini wa mti, kopo la haluwa, daftari la kuandikia ushahidi, na kanzu mbili, moja ya kulalia na moja, nyeupe pe, iliyokunjwa ndani ya karatasi laini, ambayo alikusudia kuivaa atakapofika katika theluji, apigwe picha, ili watakaokuja baada yetu wajue ya kuwa mtu wa pwani alifika pale katika hali ya mtu wa pwani. Nilimkumbusha kuhusu baridi. Alinijibu kwamba kanzu huvaliwa juu ya koti, na kwamba mimi sina fikra za kisheria.

Baada ya mabasi mengi, yenye muziki mwingi zaidi, tulifika Kasese, na kutoka hapo tukachukuliwa hadi Nyakalengija, kijiji kilicho mita zipatazo 1,600, ambapo migomba na mibuni ya Wakonzo, wenyeji wa hapo, inapakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1991, na ambayo mwaka 1994 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwembamba wa Kikonzo, mwenye adabu, na mwenye Kiswahili cha mpakani alichokichota upande wa Kongo. Alivitazama viatu vyetu kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu anayetazama maiti wa watu wengine.

“Wazee, hii viatu ni ya muzuri sana,” akasema. “Ni ya kwenda nayo kwa harusi.”

Akatuonyesha safu ya mabuti ya mpira, meusi, marefu hadi magotini, yaliyopangwa ukutani. Shemeji alimweleza kwa upole kwamba kwetu mabuti ya mpira huvaliwa na wachuuzi wa samaki na mabwana afya, na kwamba yeye hakuwa yule wala huyu. Kijana hakubisha. Alichukua jozi mbili, akazifunga kimya kimya juu ya mzigo wa mpagazi mmoja, na safari ikaanza.

Msitu wa Rwenzori si msitu wa mtu kuutazama kwa mbali na kuusifu, maana hauna mbali. Mtu yumo ndani yake mara moja, na wenyewe umo ndani ya mtu, kwenye kola, kwenye mikono ya shati, na masikioni. Mipodo mikubwa imesimama hapo tangu enzi ambazo hakuna aliyekuwepo kuziandika, mikangaga hukua ikawa miti yenye kivuli, kila tawi limevaa vazi la majani mororo lenye kudondosha maji hata pasipo mvua, na mizizi, badala ya kukaa chini ya ardhi inakostahili, imejilaza njiani ikiwa na utelezi. Mbega walipita juu yetu, weusi kwa weupe, wakiruka bila ya kushika chochote, nasi tulipita chini yao tukishika kila kitu. Ningependa ieleweke kwamba katika sehemu hii mimi sikuanguka. Palikuwa na mahali kadhaa ambapo njia iliondoka chini yangu, na hiyo ni khabari nyingine.

Mvua ilipoanza, shemeji aliuchukua mwavuli aliokuwa ameutundika tawini wakati wa mapumziko, akaufungua kwa ule mkupuo wa mtu aliyezoea kuvuka barabara kwenda kazini, na kutoka ndani yake akaanguka begani kwake kinyonga. Wala hakuwa kinyonga wa kwetu wa uani, bali yule mkubwa wa milima hii, mwenye pembe tatu usoni, zilizonyooka mbele. Kinyonga hakufanya haraka, kwa kuwa si tabia yake; alinyanyua mkono mmoja, akafikiri, akauweka kwenye kola, akazungusha jicho moja kumtazama shemeji na jingine kunitazama mimi, kisha akanyanyua mkono wa pili. Shemeji alifuata njia ya kinyume. Sijapata kumwona mtu wa umri wake, na wa cheo chake, akipanda mteremko kwa kasi ile, na kiongozi, ambaye kazi yake ni kuwatazama watu wakipanda, alisema naye hajapata. Wapagazi walimtoa kinyonga kwa jani, wakamweka mtini taratibu, na kwa sababu ya tukio hilo tulifika Nyabitaba, kwenye kibanda kilicho mita 2,651, mapema kuliko ilivyotazamiwa.

Usiku wa Nyabitaba ni wa perere. Msomaji ambaye hajamjua perere afahamu kwamba ni mnyama mdogo wa mitini, kadiri ya sungura, asiyemdhuru mtu yeyote, aishiye kwa kula majani. Na kwamba Mwenyezi Mungu, kwa hekima Yake, amempa sauti inayoanza na mkwaruzo wa mlango wa kale unaofunguliwa, ikapanda daraja kwa daraja, hata ikaishia katika ukelele wa mtu anayenyongwa na hataki. Ukelele wa kwanza ulipotoka, shemeji aliketi kitako gizani na kuanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti yake ya mahakamani. Perere wa pili akajibu kutoka ng'ambo ya bonde. Shemeji akapandisha sauti. Perere wa kwanza, ambaye nadhani alidhani amepata mshindani, akapandisha yake. Mashindano yakaendelea hadi usiku wa manane, na asubuhi nilipomuuliza kiongozi kama perere huwasumbua wapagazi usingizini, alisema hapana, perere wamewazoea.

Kutoka hapo njia huteremka hadi kwenye daraja la kamba za chuma liitwalo Kurt Shafer, mahali inapokutana mito ya Mubuku na Bujuku, kisha hupanda katika mianzi. Na mianzini ndipo mwavuli ulipokufa, maana mianzi ina tabia ya kumwacha mtu apite na kumzuia mwavuli. Ulibaki mpini na vyuma viwili. Shemeji aliendelea kuubeba hadi mwisho wa safari, kwa hoja kwamba ni mali iliyoandikwa katika orodha.

Hapa ni lazima nieleze asili ya maji, kwani bila ya hayo msomaji atadhani kuwa tulikwenda katika mwezi mbaya, ilhali tulikuwa katikati ya majira yaitwayo ya kiangazi. Kilimanjaro na Mlima Kenya ni milima ya volkano. Rwenzori haikutokana na moto, bali ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa mzima kutoka chini, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka ubavuni mwake. Mwamba ule haunywi maji, na mawingu yanayotoka katika misitu ya Kongo huyamwaga pale zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yasiyonywewa hukaa. Yanapokaa huota majani, majani huoza yakawa tope, na juu ya tope huota majani mengine yenye kumdanganya mpita njia kwamba pale ni nchi. Kwa hiyo kiangazi cha Rwenzori maana yake ni kwamba mvua hupumzika wakati wa kula.

Hayo yalizaa mas'ala ya fiqhi katika kibanda cha John Matte, kilichoko mita 3,414, ambapo tuliamka alfajiri tukakuta maji ya ndooni yamefunikwa na ngozi ya barafu. Shemeji alitia kidole, akakitoa, akakitazama kama kingalipo, akatoa fatwa kwamba maji yanapohofiwa kuleta madhara, sharia imeruhusu kutayamamu. Nilimuunga mkono kwa moyo wangu wote. Lakini sisi ni Mashafii, na kwa Mashafii udongo wa kutayamamu sharti uwe mtwaharifu na uwe na vumbi. Na hapo ndipo mwanachuoni wangu alipotoka nje na taa ya kichwani, akaanza kutafuta vumbi katika mlima wa Rwenzori. Alitafuta chini ya kibanda, akakuta maji. Alitafuta chini ya jiwe, akakuta maji mengine, ya siku nyingi zaidi. Alipapasa ukuta, akapapasa buti la mpagazi, akafungua daftari lake na kulikung'uta, pengine lina vumbi la masijala lililosalia. Vumbi la mwisho tulikuwa tumeliacha Kasese. Mpishi, ambaye ni Mkristo, aliyemtazama kwa muda kupitia moshi wa jiko, aliyakata mas'ala yale kwa kumletea birika la maji ya moto, nasi tukatawadha, tukaswali, na shemeji akaandika daftarini kwamba wema wa watu wa kitabu haukanushiki.

Siku hiyo hiyo tulivaa mabuti ya mpira. Sina haja ya kusimulia jinsi ilivyotokea. Itoshe kusema kwamba viatu vya ngozi vilikuwa vimeanikwa juu ya jiko usiku, kimoja cha shemeji kikajikunja kwa joto hata kikawa cha mtoto, na viwili vyangu vikazidi uzito wa mimi mwenyewe. Wapagazi walituletea yale mabuti bila ya tabasamu, na hilo lilikuwa jambo la uungwana mkubwa, maana sote tulijua ya kuwa walikuwa wakililimbikiza tabasamu hilo tangu Nyakalengija.

Mbele ya John Matte kuna vinamasi viwili viitwavyo Bigo, cha chini na cha juu. Baadhi ya sehemu zimewekwa njia ya mbao, na mtu akiwa juu ya mbao huweza kuinua macho na kuona lobelia ndefu kumpita mtu, na miti ya senesio yenye vichwa vya majani makubwa, na Rwenzori yote ikampendeza. Kisha mbao huisha. Panapoishia mbao huanza matuta ya nyasi, kila tuta na shingo yake nyembamba na kichwa chake chenye nywele, nalo husimama peke yake ndani ya tope jeusi. Na mwenye kupita hutakiwa aruke kutoka kichwa hadi kichwa. Wapagazi waliruka na mizigo yao, wakizungumza khabari za mpira. Shemeji alisimama juu ya tuta la kwanza, akalipima la pili kwa macho, akasoma Bismillahi, akaruka, na tuta likamkataa.

Aliingia kwa mguu mmoja hadi pajani. Hakupiga kelele. Alibaki hivyo, mguu mmoja juu ya nyasi na mwingine katika ulimwengu usioonekana, mpini wa mwavuli mkononi, akiwa na sura ya mtu anayemngoja hakimu aingie. Kiongozi akamshika kwapa la kulia, mimi la kushoto, mpagazi mmoja akakumbatia kiuno, tukavuta kwa pamoja; na shemeji akatoka, lakini buti likabaki. Soksi nayo ilifuata nusu ya njia, ikanyooka ikawa ndefu kuliko inavyoandikwa dukani, kisha ikaachia. Mpagazi akalala kifudifudi, akatia mkono tope hadi begani, akapapasa, akatabasamu, akavuta. Na tope likalitoa buti lile kwa sauti ya mgeni aliyekula akashiba. Lilikuwa limejaa. Walilimimina, wakamvisha, na kwa muda wote huo shemeji alisimama kwa mguu mmoja, mkono wake juu ya kichwa changu, akitazama mbali.

Ndipo kiongozi aliponena neno ambalo mimi nimelihesabu kuwa ndilo faida ya safari nzima. “Pole, Mzee,” alisema, akimpangusa goti. “Hii matope haijui mukubwa.”

Nami nilianza kuyatafakari maneno hayo, nikaona jinsi yalivyo ya kweli, nikageuka ili nimweleze shemeji maana yake kwa utulivu, na njia ikaondoka chini yangu kwa namna niliyokwisha kuieleza. Hayo yaliyofuata sitayaeleza, ila wale wapagazi walikuwa bado wako karibu, na mikono yao ilikwisha kuchafuka.

Bujuku, kibanda kilichoko karibu na mita 4,000, kimezungukwa na milima ya Stanley, Speke na Baker, na mara mawingu yanapofunguka huonekana barafu juu ya Stanley. Barafu hiyo, kwa ushahidi wa picha zilizopigwa mwaka 1906 katika msafara wa Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Margherita, imepungua mno, na inaendelea kupungua kadiri dunia inavyozidi joto. Wakonzo husema kwamba Kitasamba, mwenye enzi ya mlima, hukaa huko kwenye weupe. Shemeji aliuliza atakaa wapi weupe ukiisha, na kiongozi, ambaye alikuwa na jibu la kila swali, hakuwa na la hilo. Sote tukanyamaza kidogo, kisha tukala haluwa, ambayo kwa baridi ilikuwa imegoma kukatwa, ikabidi ivunjwe kwa panga.

Kulipokucha tulipanda korongo la miti ya senesio, ambamo mtu huvuta pumzi mbili na kupata thamani ya moja, tukapanda ngazi ya chuma iliyoegemezwa mwambani, na usiku uliotangulia theluji ilikuwa imeanguka. Ilianza kwa vipande vipande penye vivuli vya mawe, kisha ikashikana, na tulipofika penyewe, penye lile pengo lililo kati ya mlima Stanley na mlima Baker, mawe yote yalikuwa yamevaa weupe, ukungu nao ulikuwa mweupe, na hapakuwa na kitu kingine chochote cha rangi isipokuwa mabuti yetu.

Shemeji aliinama, akachota theluji kwa vidole vitatu, akaionja mbele yangu na mbele ya kiongozi, akaizungusha ulimini kwa muda ambao sheria ingeuona kuwa wa kutosha, akameza. Alikuwa ametayarisha maneno ya wakati huo tangu Tanga, maneno mazito, yenye kuwataja Batlamiyus na watu wa Unguja, lakini taya zake zilikuwa zimekwisha kukataa amri, na kilichotoka, baada ya juhudi kubwa, kilikuwa hiki tu: “Ha-haina chu-chumvi.” Akakusudia kuiandika hukumu hiyo daftarini, kalamu ikaganda.

Ilibaki picha. Kanzu ilitolewa katika karatasi yake laini, nyeupe, imenyooka, haina doa, akavalishwa juu ya makoti mawili kwa msaada wa watu watatu, akaweka kofia sawa, akasimama juu ya jiwe, mkono mmoja juu ya mpini wa mwavuli. Nilimpiga picha moja. Simu ikapumua kwa baridi, ikazimika, isiwake tena mpaka tulipoteremka. Picha ile ipo, nayo ni nzuri. Inaonyesha theluji nyeupe, ukungu mweupe, na katikati yake, kwa kuwa kanzu nyeupe haibainiki mbele ya weupe, kuna uso wa mtu mzima mwenye masharubu, mbali kidogo na ardhi, usiounganishwa na chochote; na chini yake kabisa, mabuti mawili ya mpira. Alipoiona, shemeji aliitazama sana. Kwa mizani ya mahakama, alisema, ni kielelezo chenye kuthibitisha kwamba mabuti yalifika.

Tuliteremka upande wa pili chini ya majabali ya Baker hadi kwenye maziwa ya Kitandara, ambako wapagazi walikuwa wamekwisha kufika, kupika, kula, na kuanza kutuonea huruma. Kisha tukapita pengo jingine, la Freshfield, lenye mita 4,282, na tope jingine jingi ambalo halina tofauti na lile la kwanza isipokuwa linateremka. Nyakalengija tuliyarudisha mabuti. Shemeji alikuwa mzito kuyaachia, akauliza bei yake.

Sasa tuko Tanga, na heshima tuliikuta pale tulipoiacha, kwenye ardhi kavu, wala haikutuuliza tulikuwa wapi. Kanzu zimepigwa pasi, kofia zimekaa sawa, na baada ya swala ya Isha tunakaa barazani katika mkao ambao hakuna anayeuona atakayeamini kwamba watu hawa waliwahi kuvutwa kwa makwapa. Shemeji akisimulia, anakwenda mwenyewe mbele ya wapagazi kwa mwendo wa maringo, na anayezama katika kila kinamasi ni mimi. Simkatizi, kwa kuwa ni mkubwa wangu, na kwa kuwa siku za yeye kuwa na mafua nasimulia mimi, na katika riwaya yangu mambo ni kinyume chake kabisa. Watu wa baraza wamezisikia riwaya zote mbili, hawajishughulishi kuuliza ipi ndiyo ya kweli; wao hujumlisha tu, na jumla yao, nasikia, iko karibu sana na yenyewe.